Risasi inapokwenda kando: kagua haya kabla ya kugusa darubini

Mtu akifyatua risasi na tundu likatokea kando ya alama, mkono wake hukimbilia vizungusho vya darubini. Anazungusha kliki nne (hatua ndogo za kizungusho zinazosikika) kushoto, anapiga tena, tundu linahamia kwingine kabisa, anazungusha tena. Boksi la risasi 20 linaisha na bunduki iko mbali na shabaha kuliko ilivyoanza, halafu lawama yote inamwangukia aliyetengeneza darubini. Bunduki nyingi zinazosemwa kuwa zimepoteza shabaha zina darubini nzima. Kabla ya darubini kuna skrubu, kuna kitako, kuna mtutu mchafu au wenye joto, kuna risasi za aina mbili zilizochanganywa, na kuna mpigaji mwenyewe. Mpangilio wa ukaguzi una uzito sawa na ukaguzi wenyewe, kwa sababu ukirekebisha kitu kimoja huku kingine kimelegea, vipimo vyote utakavyopata ni vya ule ulegevu.

Bunduki iwe tupu kabla ya kushika bisibisi. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute bolti nyuma. Anayevuta bolti magazini ikiwa ndani hutoa risasi moja na kuingiza nyingine anaporudisha bolti mbele, naye anaamini ameitoa yote. Tazama ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha ingiza ncha ya kidole, kwani katika mwanga hafifu jicho hukosea. Risasi zote zihamishwe mahali pengine, na mdomo wa mtutu uelekee upande ambao hata risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Sefti isitegemewe kuwa ndiyo ulinzi. Ni kipande cha chuma kinachochakaa kama vingine.

Sasa skrubu. Kuna makundi matatu, na kila moja huvuruga shabaha kwa namna yake: zinazoshika reli juu ya mwili wa bunduki, zinazobana pete juu ya darubini, na zile ndefu za chini zinazounganisha mwili wa bunduki na kitako. Za reli ndizo husahaulika zaidi kwa sababu zimefichwa chini ya darubini. Kama hujawahi kuishusha darubini tangu bunduki inunuliwe, ishushe. Safisha nyuzi za skrubu na matundu yake kwa spiriti ili mafuta yote yaondoke, weka tone dogo la gundi ya nyuzi ya aina isiyo kali, kisha kaza. Skrubu za pete kwa kawaida hutaka mkazo wa karibu nyutoni mita 2, za reli zaidi kidogo, na zile za kitako kwenye bunduki nyingi za bolti huwa kati ya 5 na 7. Namba ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata pale inapotofautiana na hizi. Bisibisi yenye kipimo cha mkazo ni kifaa kidogo kinachookoa risasi nyingi, na kwa maoni yangu mtu aliye na fedha ya ama bisibisi hiyo ama darubini bora kidogo anunue bisibisi.

Kukaza kupita kiasi kuna hasara yake. Bomba la darubini ni aluminiamu nyembamba. Pete ikilibana mno, linabonyea kidogo na sehemu za ndani zinazosogeza alama ya msalaba zinaanza kukwama. Kliki unazisikia lakini alama haisogei, halafu baada ya mishindo miwili mitatu inaruka ghafla. Kaza skrubu za pete kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, ili nafasi ibaki sawa pande zote mbili. Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Skrubu ikilegea siku moja, mstari utakatika na utaona kwa jicho bila kugusa chombo chochote.

Kabla ya kukaza moja kwa moja, weka bunduki begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Ukiona duara zima bila kivuli cheusi pembeni, umbali wa jicho ni sahihi. Kwa darubini nyingi za uwindaji ni sentimita 8 hadi 10 kutoka lenzi ya nyuma. Fanya jaribio hilo ukiwa umelala kifudifudi pia, kwa sababu ukilala kichwa husogea mbele, na darubini iliyowekwa vizuri kwa mtu aliyesimama itamkata nyusi mtu aliyelala. Bunduki yenye teke kali kama ya kaliba .375 haina msamaha katika hilo. Hakikisha pia alama ya msalaba imesimama wima. Ikiinama, kwenye mita 100 hutaona tofauti kubwa, lakini ukianza kupandisha kliki kwa ajili ya masafa marefu, risasi itapanda huku ikihamia pembeni.

Mtutu wenyewe una mambo mawili. La kwanza ni kugusana na kitako. Kwenye bunduki nyingi za bolti mtutu unatakiwa kuelea, yaani usiguse sehemu ya mbele ya kitako popote. Chukua noti au karatasi, izungushe chini ya mtutu na uivute kutoka mbele hadi karibu na chemba. Ikikwama, hapo pana mgusano. Kitako cha mbao huvimba msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, kwa hiyo bunduki iliyopita jaribio la karatasi miezi mitatu iliyopita inaweza kushindwa leo. Zipo bunduki zilizotengenezwa makusudi zikiwa na kipande kinachousukuma mtutu kutoka chini, kwenye sehemu ya mbele ya kitako. Usikichonge kabla ya kujua kama chako ni kosa au ni usanifu.

La pili ni ndani ya mtutu. Ondoa bolti na utazame mwangani kutoka upande wa chemba. Bunduki iliyokaa stoo inaweza kuwa na tope, maji, kitambaa kilichokatika wakati wa kusafisha, au nyumba ya nyigu. Kizuizi chochote kati ya hivyo hupandisha shinikizo na kinaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Mafuta nayo yana athari yake: risasi ya kwanza kupita kwenye mtutu uliopakwa mafuta mara nyingi huenda mahali tofauti na zinazofuata. Pitisha vitambaa vikavu hadi kitoke kisafi, kisha tarajia risasi moja au mbili za mwanzo zisihesabiwe. Wakati wa kusafisha, fimbo iingie kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni, ikiongozwa na bomba la plastiki lisilokwaruza. Fimbo ya chuma inayosuguliwa mdomoni hula ukingo wa mtutu, na ukingo ndio sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Pengo dogo upande mmoja huruhusu gesi itoke mapema upande huo na kuisukuma risasi. Hapo hakuna kliki itakayokusaidia. Ni kazi ya fundi kuukata upya.

Sasa unaweza kukaa mezani. Weka mfuko wa mchanga chini ya sehemu ya mbele ya kitako, usiwe chini ya mtutu, na mfuko mwingine mdogo chini ya kitako cha nyuma. Unapopiga porini usilaze bunduki moja kwa moja juu ya jiwe au mbao ngumu. Itaruka na kupeleka risasi juu. Weka kofia, begi au mkono wako kati. Mwinuko wa meza uwe wa kukufanya ukae wima bila kuinamia bunduki. Jaribio ni rahisi: lenga, pumzika, fumba macho, vuta pumzi na kuitoa, fumbua. Ikiwa alama ya msalaba imehama, usiisukume kwa misuli. Hamisha mwili wako au mifuko mpaka irudi yenyewe.

Kwa darubini iliyofungwa upya, anza karibu. Bolti ikiwa nje, iweke bunduki imara kwenye mifuko, tazama kupitia mtutu mpaka duara jeusi la shabaha iliyo mita 25 likae katikati ya tundu, kisha bila kuisogeza bunduki zungusha vizungusho hadi alama ya msalaba iangukie duara lilelile. Hapo risasi ya kwanza itagonga karatasi badala ya kupotelea kwenye kingo ya udongo. Hesabu ya kliki ndiyo inayowachanganya wengi hapa. Kliki hupimwa kwa milradiani au kwa dakika ya pembe, vipimo viwili vya pembe. Darubini yenye kliki za 0.1 ya milradiani husogeza risasi sentimita 1 kwenye mita 100. Yenye kliki za robo dakika ya pembe husogeza karibu milimita 7.3 kwenye umbali huohuo. Kwenye mita 25 thamani hizo hugawanywa kwa nne: milimita 2.5 na milimita 1.8. Tundu likiwa sentimita 10 chini kwenye mita 25, unahitaji kliki 40 za aina ya kwanza au takriban 55 za aina ya pili. Anayezungusha 10 tu na kushangaa mbona tundu halikusogea vya kutosha amehesabu kwa mita 100.

Usiweke risasi katikati kabisa kwenye mita 25 kama lengo lako ni mita 100. Darubini inakaa takriban sentimita 4 juu ya mtutu, kwa hiyo risasi inaanza safari ikiwa chini ya mstari wa jicho na kupanda kuufikia. Kwa kaliba kama .308 Winchester, bunduki iliyo sawa kwenye mita 100 hugonga karibu sentimita 1.5 chini ya alama kwenye mita 25. Itoshe kufika hapo, kisha hamia mita 100.

Kwenye mita 100 piga risasi tatu bila kugusa darubini, hata kama ya kwanza imekukera. Tundu moja halisemi kitu. Matundu matatu yanakupa kundi, na katikati ya kundi ndipo pa kupimia. Kundi likiwa na katikati yake sentimita 6 chini na sentimita 4 kulia, utapandisha kliki 6 na kupeleka 4 kushoto kwa darubini ya milradiani, au 8 juu na 5 hadi 6 kushoto kwa ya robo dakika. Mshale kwenye vizungusho vya darubini nyingi unaonyesha upande ambao risasi itahamia, si upande ambao alama itahamia. Kwa bunduki isiyo na darubini, kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, na cha mbele husogezwa kinyume. Baada ya marekebisho, piga tatu nyingine kuthibitisha. Kwa bunduki ya mashindano tatu hazitoshi. Kundi la risasi tatu linaweza kuwa dogo kwa bahati tu, na picha ya kweli huanza kuonekana kwenye risasi 5 hadi 10. Mwindaji anahitaji kujua zaidi risasi yake ya kwanza kutoka kwenye mtutu baridi inakwenda wapi, maana porini ndiyo yenye kazi.

Kati ya kundi na kundi, subiri. Mtutu mwembamba wa uwindaji hupata joto baada ya risasi tatu hadi tano, na chuma chenye joto hupinda kidogo kulingana na msongo uliobaki ndani yake tangu kiwandani. Ukishika mtutu na kushindwa kuacha kiganja hapo, hujafikia wakati wa kupiga. Fungua bolti, simamisha bunduki kivulini, nenda katazame karatasi.

Karatasi ina mengi ya kusema kwa anayeitazama kwa umbo na si kwa idadi ya matundu yaliyo karibu na katikati. Matundu yanayopanda mstari mmoja kwenda juu au kwa mshazari, kila moja juu ya lililotangulia, ni dalili ya joto, hasa pale mtutu unapogusa kitako. Matundu yaliyotawanyika juu na chini bila mpangilio wa zamu huashiria pumzi, mfuko wa mbele unaohama mahali, au risasi zenye mwendo usiolingana. Yaliyotandazwa kulia na kushoto ni upepo, au shavu linalokaa tofauti kila mara, au kidole kinachosukuma triga upande badala ya kuivuta nyuma. Makundi mawili madogo mazuri yaliyotengana ni jambo la kufurahisha kuliona, kwa sababu karibu kila mara lina chanzo kimoja: kitu kilicholegea chenye mikao miwili, au risasi za matoleo mawili ndani ya boksi moja. Kinachobaki ni karatasi iliyotobolewa ovyo kila upande. Hiyo inakurudisha kwenye skrubu, ukingo wa mtutu, na mwisho kwako.

Kupima kama tatizo ni mtu, mpe bunduki mpigaji mwingine mzoefu apige tatu. Kundi lake likiwa dogo, bunduki imeachiwa huru. Kisha fanya jaribio la risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti wala fataki, yaani kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti. Mwenzako anapakia bila wewe kuona, mara ya kweli, mara bandia. Ukivuta triga juu ya bandia na mdomo wa mtutu ukachovya chini, umeuona ugonjwa: mwili unajikunja kulisubiri teke. Ni ugonjwa wa kawaida mno, na wakongwe wanao pia. Chanzo chake kikubwa, kwa ninavyoona, ni kelele kuliko maumivu ya bega. Mlio wa bunduki ya kaliba kubwa hufika desibeli 160 hivi, ilhali sikio huweza kuumia papo hapo kuanzia takriban 140. Vaa vizibo vya ndani ya sikio na vifuniko vya nje kwa pamoja, na miwani, halafu uone kundi litakavyopungua. Dawa nyingine ni kupiga kaliba ndogo ya .22 kwa wingi kabla ya kurudi kwenye kubwa. Kulegeza triga iwe nyepesi mno si dawa. Bunduki ya uwindaji yenye triga ya kilo 1.3 hadi 2 inatosha, na iliyolegezwa chini ya hapo na mtu asiye fundi inaweza kufyatuka ikianguka.

Upepo nao usidharauliwe wala kutukuzwa. Kwa .308 yenye kichwa cha gramu 10.9, upepo wa pembeni wa mita 4.5 kwa sekunde huisogeza risasi karibu sentimita 2 kwenye mita 100 na karibu sentimita 20 kwenye mita 300. Kwa hiyo kundi lililohama sentimita 10 kwenye mita 100 usiliite upepo.

Umbali wa kuweka shabaha ni uamuzi, na hapa watu hubishana bure. Ukiweka sawa kwenye mita 100, hesabu zako zote ni rahisi, lakini .308 itakuwa imeshuka kati ya sentimita 10 na 15 kwenye mita 200 na karibu nusu mita kwenye mita 300. Mwindaji anayetarajia kupiga hadi mita 200 hufaidika kuweka kundi sentimita 4 juu ya alama kwenye mita 100. Kwa kichwa cha gramu 9.7 kinachotoka kwa mita 860 kwa sekunde, risasi itakuwa sawa na alama kati ya mita 170 na 180, na chini kwa sentimita 4 hivi kwenye mita 200. Eneo la moyo na mapafu la mnyama wa wastani lina upana wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo ndani ya umbali huo wote unalenga katikati bila kukisia. Zaidi ya hapo, kama hujawahi kupiga karatasi kwenye umbali huo, usimpige mnyama. Na ukipiga mlimani, iwe kuelekea juu au chini, risasi hugonga juu kidogo kuliko unavyotarajia, kwa sababu mvuto wa dunia hufanya kazi kwenye umbali wa mlalo tu.

Risasi zenyewe zinastahili daftari. Andika aina, uzito wa kichwa na namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye boksi, pamoja na mahali kundi lilipoangukia. Kubadilisha kutoka gramu 9.7 hadi 11.7 kwenye bunduki ileile kunaweza kuhamisha kundi sentimita kadhaa, na si juu au chini tu. Ukipata toleo linalopendwa na bunduki yako, nunua la kutosha msimu mzima.

Zipo hitilafu mbili za risasi ambazo zinataka mwili ujue la kufanya kabla ya akili. Ukivuta triga ukasikia "tik" bila mlio, usifungue bolti. Shikilia mtutu ukielekea shabaha kwa sekunde 30 angalau, kwa kuwa fataki iliyolowa inaweza kuchelewa kuwasha baruti; ganda likilipuka nje ya chemba vipande vyake huumiza. Gobore la baruti nyeusi husubiriwa zaidi. Hitilafu ya pili ni mbaya kuliko hiyo: mlio hafifu, teke dogo lisilo la kawaida, na karatasi isiyo na tundu jipya. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu. Simama hapohapo, toa kila kitu, ondoa bolti na utazame mwanga. Mpigaji wa bastola anayepiga haraka haraka ndiye aliye hatarini zaidi, kwani risasi ya pili huja kabla hajatafakari ya kwanza.

Baada ya yote hayo, ikiwa makundi ni madogo lakini yanahama kila unapogusa vizungusho, ndipo darubini yenyewe inapimwa. Piga risasi tatu kwenye alama moja. Pandisha kliki 20, piga tatu ukilenga alama ileile. Nenda kulia 20, piga. Shuka 20, piga. Rudi kushoto 20, piga. Makundi yanapaswa kuchora mraba, na la mwisho liangukie juu ya la kwanza. Mraba uliopinda au kundi la mwisho lililopotea linamaanisha sehemu za ndani zimechoka. Irudishe kwa mtengenezaji pamoja na karatasi hiyo, ikiwa na tarehe, umbali na aina ya risasi. Karatasi humaliza ubishi mapema kuliko maelezo. Na kama darubini ina kizungusho cha kuondoa mkengeuko wa macho, yaani alama kuonekana kuhama jicho likisogea, kiweke kwenye umbali unaopiga kabla ya jaribio. Isiyo nacho kwa kawaida imepangwa kiwandani kwa karibu mita 100, au mita 50 kwa zile za .22 na bunduki za upepo, na jicho lisilokaa katikati ya lenzi kwenye umbali tofauti litakupa kosa ambalo si la bunduki.

Shotigani haina darubini, lakini kanuni haibadiliki, isipokuwa kilengeo cha nyuma hapa ni jicho lako. Tundika karatasi pana, simama mita 15, inua bunduki kama unavyoinua kwa ndege na piga bila kulenga kwa makini. Rudia mara tano kwenye alama ileile. Wingu la marisau, zile chembe nyingi za risasi ya shotigani, likikaa juu, kitako kinapandisha jicho mno. Likikaa chini, kinalishusha. Kushoto au kulia, jaribu kwanza kujua jicho lipi ndilo linalotawala: nyosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Lile ambalo kidole hakihami linapokuwa wazi ndilo. Kuupima mtawanyiko, rudi hadi yadi 40, yaani karibu mita 36.5, piga, kisha chora duara la kipenyo cha sentimita 75 mahali marisau yalipo mengi. Choki, yaani msinyao wa mdomo wa mtutu, inayofaa ni ile isiyoacha mapengo ambayo sahani ya udongo ya kipenyo cha milimita 110 ingepita bila kuguswa.

Hatari ya shotigani iko kwenye mfuko wa koti. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya geji 12 hupita chemba na kukwama mbele kidogo. Mpigaji anaona chemba tupu, anaingiza ya geji 12, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa mbele. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Mwenye bunduki za geji zote mbili asiweke risasi zake kwenye mfuko mmoja hata siku moja.

Kwa bastola ya kujilinda maneno ni machache. Vilengeo vyake mara nyingi havirekebishwi kwa urahisi, na si kawaida kuhitaji. Mpigaji wa mkono wa kulia anayegonga chini kushoto kwenye mita 7 karibu hakika anakaza ngumi nzima anapovuta triga. Bastola ikiwa imekaguliwa na ni tupu, hakuna risasi chumbani, na ukuta ulio mbele unaweza kusimamisha risasi, weka ganda tupu juu ya kilengeo cha mbele na uvute triga polepole. Ganda likianguka, rudia mpaka lisianguke mara 10 mfululizo. Kisha fikiria kilicho nyuma ya shabaha nyumbani kwako: mbao za dari, ubao wa jasi na mlango wa kawaida havisimamishi risasi ya bastola, na risasi iliyomkosa mvamizi itaendelea hadi chumba cha watoto. Pima njia hizo mchana, ukitembea chumba kwa chumba mikono mitupu, na uamue mapema ni pembe zipi ambazo hutapiga kamwe. Bastola yenyewe ikae kwenye sanduku la kufungwa lililobanwa ukutani au sakafuni, lenye kufuli ambayo mkono wako unaweza kuifungua gizani na mkono wa mtoto hauwezi.